Mstari wa Waandishi

"Futa jina la huyu mzee," bosi akasema. "Weka langu."

Jenista alikuwa anasahihisha taarifa za kifurushi cha programu kwa lugha ya Python, chenye kamusi yetu ya Kinyiha, kabla ya kurusha toleo jipya mtandaoni. Kwenye mstari wa waandishi tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, mzee mwenyewe.

"Hata kuwasha kompyuta hajui!"

"Maneno elfu mbili kayaokota kwa miguu, bosi, kijiji kwa kijiji. Wewe umeleta lipi?"

Kidole cha Jenista kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Ukucha ulikuwa umekatika, na udongo mwekundu wa shambani bado umeganda pembeni.

"Ukituma hivyo, binti, kesho usije kazini."

"Kesho napalilia kahawa kijijini Ihanda," Jenista akasema, akabonyeza.