Njia ya Kuzunguka

Ng'ambo ya mteremko wa theluji, ngoma za harusi yake zilikwisha kuanza, na Mringo alitaka wavuke upesi. Lakini Mama Ndeshi, aliyewaongoza njia, alichimba shimo kwa koleo, kisha akaigonga theluji ya ukingoni mwake kwa kiganja. Tabaka la juu likateleza lote, kama mfuniko wa sufuria.

"Hii itatufukia. Tunarudi, tuzungukie bondeni. Tutafika kesho."

"Mama, watanicheka!"

"Heri wakucheke uwasikie, mwanangu."

Akaanza kushuka bila kutazama nyuma. Mringo alikuwa hajapata kuona mtu akirudi alikotoka kwa fahari namna ile. Akamfuata, akikanyaga penye nyayo zake. Nyuma yao mteremko ulibaki mweupe, tuli, na ngoma ziliendelea kuita.