Kidole cha Kuazima

Kila asubuhi Shaame alipima sukari mwilini, akaipiga picha mashine na kumtumia kwa simu Bi Rukia, mshauri wake wa afya. Leo aliogopa kugombezwa, maana jana harusini aliimaliza sahani ya halua peke yake. Akamwomba mkewe kidole. Mize, mwanamke asiyejua kuumwa hata mafua, akacheka, akakinyoosha. Shaame akachoma, akapiga picha, akatuma bila kuisoma.

Simu ikaita papo hapo.

"Babu, sukari hii si ya kukaa nyumbani. Njoo hospitali sasa hivi!"

Shaame akaitazama mashine. Kisha akamtazama mkewe.

"Anasemaje huyo?" akauliza Mize, akinyonya kidole chake, huku mkono wa pili ukikoroga sukari kwenye chai.