Nisipoitika, Zima

Raziya alitia mkono wa kushoto mfukoni, kama wafanyavyo wote wanaoshughulika na umeme mkubwa, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kigunduzi cha chembe za atomu, kinachotumia umeme huo, kilikuwa tayari. Kilichokosekana ni mtu wa pili, maana maabara ilikataza kupandisha volti peke yako, na mwenzake Tabu alikuwa amehama mji.

Akamwita mama aliyekuwa akipiga deki koridoni.

"Simama kwenye ile swichi nyekundu, mama. Kila nikipandisha, niite. Nisipoitika, zima."

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Raziya."

Akazungusha kitufe cha volti kidogo.

"Raziya!"

"Abee."

Akasubiri mshale wa kipimo utulie, akazungusha tena.

"Raziya!"

"Abee."

Tangu Tabu aondoke, hakuna aliyemwita kwa jina humo ndani. Alikuwa "daktari" tu.

Mshale ukafika ulipotakiwa.

"Raziya!"

Akafumba macho, akanyamaza, ili aitwe mara moja zaidi.

"Raziya?"

Swichi ikalia ta! Mshale ukashuka hadi sifuri, na nyuma yake akasikia ndala zikija mbio.