Amekutaja Kortini

Mlango ulipobishwa, Machogu alikuwa tayari chini ya kitanda. Miezi minane ya kujificha kwa dada yake huko Nyamache ilikuwa imemfundisha kuingia humo kufumba na kufumbua, pamoja na kitambi chake na miaka yake arobaini na sita.

"Toka, Baba Lavender. Ni mimi."

Ilikuwa sauti ya mkewe, Nyamoita. Hata hivyo alichungulia kwanza miguu iliyokuwa mlangoni. Jozi moja tu, tena bila buti. Akatoka, utando wa buibui kichwani.

Nyamoita hakuketi. "Vaa viatu. Leo tunaenda kortini tumalize maneno ya hii waranti."

"Unataka wanifunge?"

"Chai shambani imekuwa msitu. Watoto wanaambiwa shuleni baba yao ni mwizi. Afadhali nikuletee chakula jela kuliko kukuletea chini ya kitanda."

Mwizi! Machogu hakuwa ameiba hata kuni. Mwaka uliopita, Agosti 1995, duka moja la vitambaa lilivunjwa Kebirigo mchana kweupe, na rafiki yake Obwocha akakamatwa. Baadaye tarishi wa chifu alikuja na karatasi ya Kiingereza yenye muhuri.

"Obwocha amekutaja kortini," tarishi alisema. "Unatakiwa huko." Akapanda baiskeli yake akaenda.

Kutajwa kortini! Nani asiyejua maana yake? Mwizi akibanwa huwataja wenzake. Machogu aliitia karatasi ile mekoni kabla hajamwomba mtu yeyote amsomee. Ya pili nayo ikafuata njia hiyohiyo. Mara ya tatu tarishi hakuleta karatasi, alileta habari: hakimu ametoa waranti, akamatwe. Machogu hakusubiri hata chai iliyokuwa jikoni. Kabla ya saa kumi alikuwa Nyamache.

Kwa mwoga huenda kicheko, alijiambia kila alipokuwa mle chini, kwa shujaa huenda kilio.

Kilichomuuma zaidi ni uongo wenyewe. Wiki ile ya wizi Wasabato wote wa kijiji walikuwa kwenye makambi ya kanisa, mkewe na watoto wakiwa miongoni mwao. Yeye alisingizia mgongo, akabaki nyumbani, kisha mgongo uleule ukachimba choo kutwa nzima nyuma ya migomba, mahali ambapo mzee wa kanisa asingemwona. Alikuwa futi kumi na mbili ardhini wakati duka linavunjwa. Na aliyekuwa juu akivuta ndoo ya udongo alikuwa nani? Obwocha! Mtu mliyeshinda naye, mkala naye ndizi kutoka chungu kimoja, halafu anakutaja!

"Hata mke wa Obwocha hanisalimii siku hizi," Nyamoita alisema njiani. "Tukikutana kisimani ananigeuzia mgongo."

"Ni aibu hiyo. Mumewe ameniuza."

Walifika kortini mjini saa nne. Machogu alikuwa amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu ya baridi ya seli. Alimsalimia mara mbili askari aliyesimama langoni, asije akadhani ana kiburi. Mahabusu walikuwa wakishushwa kwenye gari, wamefungwa pingu wawiliwawili, na hapo akainamisha uso. Hakutaka kumwona Obwocha. Aliogopa atamtaja tena, sasa kwa kidole.

Katika ofisi ya masjala alikaa karani aitwaye Loice, mwanamke wa miwani na sauti ya kuchoka. Machogu alijibanza nyuma ya mkewe. Nyamoita ndiye aliyesema.

"Madam, huyu bwana yangu ako na waranti. Tumekuja wenyewe."

"Jina?"

"Abner Machogu," alinong'ona.

"Ongeza sauti, mzee."

Loice alivuta daftari kubwa, akaanza kushuka na kidole, jina baada ya jina. Machogu aliona kidole kile kama kinamtembelea mgongoni. Kilifika chini, ukurasa ukafunuliwa, kikaanza tena. Kikasimama.

"Iko."

Akashika mkono wa mkewe mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yao.

"Lakini ilifutwa mwezi wa tatu, kesi ilipoisha," Loice aliendelea. "Hakuna mtu anakutafuta. Enda nyumbani, mzee."

"Sifungwi?"

"Si nimekuambia uende nyumbani?"

"Ee Nyasae!" Nyamoita alimshukuru Mungu kwa sauti hadi askari wa langoni akageuka. Machogu aliketi kwenye benchi akalia machozi ya furaha bila haya, kisha akavua sweta moja. Jela imempita! Angelala kitandani leo, tena juu yake. Aliposimama, woga ulikuwa umemtoka na ulimi umemrudia.

"Sasa madam, hebu niambie. Huyo Obwocha aliyenitaja, hiyo uongo yake ilimsaidia?"

Loice alikwenda kabatini, akarudi na faili, akafungua ukurasa wa mwisho na kuutafsiri polepole, neno kwa neno.

"Mshtakiwa anasema kwamba saa ya wizi alikuwa akivuta ndoo ya udongo nyumbani kwa rafiki yake. Rafiki huyo, shahidi wake wa pekee, ameitwa mara tatu, hakufika." Akafunga faili. "Miaka saba."