Mizigo ya Rabia

Asuman alikuwa amechuchumaa sokoni Arua, mbele ya meza ya viatu, akipanga kandambili za watoto chini, kuanzia kubwa hadi ndogo. Jozi sita. Alizitazama, akabadilisha moja, akazitazama tena.

"Watoto iko na miaka ngapi?" muuzaji akauliza.

"Sijui," Asuman akasema. "Bado sijawaona."

Muuzaji alimhurumia, akampunguzia bei.

Ilikuwa mara ya kwanza Asuman kugusa akiba yake tangu avuke mpaka kutoka Ariwara, upande wa Kongo. Alikuwa mbeba magunia kwenye mashine ya kusaga mihogo, na mshahara wake ulikuwa wa kuchekesha. Lakini alikuwa na mpango: akifika miaka arobaini na tano, kazi kwaheri. Angerudi kwa mbuzi wake waliokuwa wakizaana kwa dada yake, aweke kiti kivulini, anywe chai mchana kweupe huku wenzake wakitoka jasho. Kwa ajili ya kiti hicho hakuwahi kupanga chumba hata siku moja. Alilala palepale kwenye mashine, juu ya magunia matupu, akaamka mweupe kwa unga. Nyama aliinusa tu kwa majirani. Wenzake walimwita Pensheni, naye aliitika.

Mpango ulikwenda vizuri mpaka Rabia alipoanza kuleta chai.

Rabia alikuwa Mnubi wa Koboko, mwanamke wa maneno mafupi na mandazi makubwa. Asuman alimpenda, tena vibaya sana. Yeye aliyekuwa akijisifu kwa kunywa maji ya bure, sasa alinunua chai asubuhi na jioni.

Halafu, mwisho wa mwezi mmoja, Rabia akafunga chupa zake za chai mapema.

"Naenda Koboko kuangalia mizigo yangu," alisema.

"Mizigo gani, dada Rabia?"

"Iko sita, ndugu yangu. Na haikuwa na mwanaume wa kunisaidia, nimeisimamisha mimi peke yangu." Akashusha pumzi. "Lakini ile ya tatu iko nanisumbua. Kila mara iko navuja."

Asuman alijimwagia chai mapajani. Watoto sita! Na mmoja bado kikojozi! Sasa alielewa kwa nini Rabia hakukosa Jumamosi hata moja kupeleka shilingi zake kwenye sanduku la kikundi cha akina mama. Karo, maskini. Karo ya watu sita.

Alimwendea Dramadri, mwendesha mashine, mtu wa Ayivu asiyeishiwa mizaha.

"Ni kweli Rabia iko na mizigo sita?"

"Sita kabisa!" Dramadri alipaza sauti juu ya kelele za mashine. "Na iko nataka kuongeza ya saba. Pensheni, mutu akioa huyu mama, amepona!"

Asuman alijua anachekwa. Akaondoka amenuna.

Wiki mbili alipiga hesabu, na kila hesabu ilimla mbuzi. Huyu anageuka sare, yule anageuka madaftari, yule mwingine anakwenda hospitali na malaria. Kile kiti cha kivulini kilisogea mpaka miaka sitini, kikasogea tena. Iliuma, tusidanganyane. Lakini kila Rabia alipomjazia kikombe, hesabu zote zilimpotea kichwani.

Ndipo siku moja Rabia akasema, akipepea moto, "Mwaka hii ikiisha, naacha kazi. Moshi imenichosha."

Mama wa watoto sita aache kazi, wale nini? Asuman aliona wazi kwamba mwanamke wa watu amefika mwisho wa nguvu zake, anahitaji mtu wa kumtua. Akafuta unga usoni, akasimama wima.

"Dada Rabia, mimi nitabeba hiyo mizigo pamoja na wewe. Yote. Hata ile iko navuja."

Rabia alimkazia macho. "Wewe? Nilikuambia habari ya mizigo, ukanuna wiki mbili. Wanaume wengine wakisikia iko sita, wanakuja mbio."

"Nilikuwa naogopa," Asuman akakiri. "Sasa siogopi tena. Ikiwa ni ya kwako, ni ya kwangu."

Rabia alicheka mpaka akaweka birika chini, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake.

"Haya. Jumapili twende. Ile ya mwisho nataka kuipaka."

"Nitaipaka mimi," Asuman akasema, na siku hiyo hiyo alipokwenda sokoni, akaongeza juu ya zile kandambili kopo zima la mafuta ya watoto.

Jumapili wakashuka Koboko. Asuman alitembea nyuma ya Rabia na mfuko wake, akifanya mazoezi ya kutabasamu kama baba. Mbuzi walikuwa wamekwisha kumtoka moyoni, na alishangaa jinsi moyo ulivyokuwa mwepesi.

Rabia aliingia kwenye ua mmoja mpana. Palikuwa na jengo refu la matofali, na wanawake waliokuwa wakifua waliinuka kumsalimia kwa heshima. Asuman akaangaza huku na huku, akitafuta miguu midogo.

"Iko wapi?" akanong'ona.

"Si hii mbele yako! Huku Uganda vyumba ya kupangisha ndiyo tunaita mizigo." Rabia akanyoosha kidole, mlango baada ya mlango, mitano ya buluu na wa sita usio na rangi, huku mpangaji wa kwanza akija na kodi yake mkononi. "Ya tatu ndiyo ile iko navuja, Pensheni. Weka mfuko chini, panda juu uangalie bati. Ukimaliza, kiti yako iko pale kivulini."