Besi Iliyogoma Kunguruma

Besi ilikataa kunguruma. Fundi wa studio alikuwa amechezea kila kitufe cha kinanda cha kompyuta, na sauti bado ilitoka laini kama paka aliyeshiba.

Mwimbaji alikwisha kuvaa begi. "Kaka, nataka mngurumo ule ule wa wimbo wetu wa kwanza. Ukishindwa, naenda kwa mwingine."

"Subiri, dada. Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

"Umeinama tangu asubuhi!"

Mke wa fundi, aliyekuwa akifagia, akacheka. "Baba watoto, wimbo ule si uliupitisha kwenye spika iliyochanika, ukaweka maiki mbele yake?"

Fundi akaduwaa. Kumbe kompyuta haikuwahi kunguruma. Iliyonguruma ni karatasi iliyochanika ya spika ile mbovu, na aliitupa walipopata mpya.

Akaigusa karatasi ya spika mpya kwa kidole. Ilikuwa imekaza kama ngozi ya ngoma. Akachukua wembe.

"Usithubutu!" mkewe akasema. "Niliuza cherehani yangu tuinunue hiyo!"

Wembe ukaichana karatasi. Besi ikanguruma hadi vioo vya dirisha vikatetemeka, na mwimbaji akashusha begi.

Mngurumo ule uligharimu spika moja, cherehani moja, na mke aliyetoka akaufunga mlango taratibu, bila kuubamiza.