King'ora cha Nyakabanga

"Piga king'ora, nimekwambia!" Anisia alifoka, tope limemfika magotini. "Ukingo wa bwawa unamegeka, Kapteni. Au unasubiri barua?"

"Nasubiri amri," alijibu Kapteni William, wala hakushuka garini. "Jeshi haliendeshwi kwa kelele za raia."

Anisia, ofisa wa maafa wa wilaya, alitamani kumzaba kofi. Bondeni Nyakabanga walikuwepo wachimbaji wa dhahabu zaidi ya mia, wote juu ya ardhi, wakiponda mawe. Mmoja wao alikuwa Ignas, mdogo wake wa tumbo moja. Kushuka huko kwa miguu ni nusu saa. Ujumbe wa tahadhari aliowatumia kwa simu haukufika, maana bonde zima halina mtandao. Redio yake nayo haikusikilizana na redio za jeshi. Miaka miwili ya vikao, chai na maandazi, na bado kila mtu ana masafa yake! Ama kweli. Kilichobaki ni king'ora kilichofungwa juu ya gari la huyu jeuri.

"Mdogo wangu akifa, nitakushtaki mpaka mbele ya Mungu. Jina lako ninalo."

Kapteni akasonya, akabonyeza kitufe. "Haya, dada, nyamaza sasa. Hiki wanakijua vizuri. Juma lililopita tulikipiga hapa hapa, dakika tano hakubaki hata kuku."

King'ora kikalia. Lo, watu walivyotimka! Walitupa nyundo, wakaacha sufuria motoni, wakapotelea kati ya maturubai. Punde bonde likawa tupu. Anisia alishusha pumzi, machozi yakamtoka. Chuki yake yote kwa Kapteni ilipungua kidogo. Kidogo tu.

Hapo ndipo alipomwona Mama Dorah, muuza uji, ameketi kando ya gari na chungu chake, hana habari.

"Mayu, mama yangu, mbona wewe hata hukushtuka?"

"Nishtuke nini? Mimi kibali changu ninacho."

Juu, pembeni mwao, ukingo ukakatika kwa kishindo, maji yakaanza kuporomoka kuelekea bondeni.

"Yaache yaende," Anisia alisema kwa furaha. "Wenzako wameshaondoka. Wamepita njia gani?"

"Njia?" Mama Dorah alimkazia macho. "Wameshuka maduarani. Wakisikia king'ora cha wanajeshi hujificha mashimoni humo, mpaka mmalize kuwafukuza muondoke."